Ramani Nne za Kadaneeme

Reelika, mtunza nyaraka, ananipa glavu za pamba
kama mtu anayeingia kuosha maiti.
Nje, Tallinn inanyeshewa theluji ya maji.
Ndani, meza ndefu, taa moja, na sauti ya karatasi
ikikumbuka jinsi ilivyokunjwa.

Ya kwanza ni ya Waswidi.
Mpimaji alikuwa na baridi, au na haraka:
ufuo wetu kauchora kwa mkono wa kutetemeka,
nyumba sita, kila moja na kijimoshi chake,
na jina la Kadaneeme kalikosea herufi mbili.
Baharini, pale wenzake huweka nguva,
kaweka mbuzi.
Sijui kwa nini. Nimempenda.

Ya pili ina muhuri wa tai mwenye vichwa viwili.
Kanisa limeota, na kinu cha upepo, na makaburi,
na pale alipoogelea mbuzi pamekuwa malisho.
Maana kwetu bahari haili nchi.
Nchi ndiyo inayoumuka, milimita tatu kwa mwaka,
kama unga uliosahauliwa jikoni,
hata gati la wazee leo ni ukuta tu
ambao ng'ombe hujikunia.

Ya tatu nimekuja nayo mwenyewe, mfukoni:
penseli ya babu Aadu, nyuma ya kalenda ya mwaka thelathini na nane.
Nchi kavu hakuijali, ni mstari mmoja.
Kazi yote iko chini ya maji:
Jiwe la Mjane. Mgongo wa Sili. Usivue Buti.
Kila mwamba na kina chake, kwa pima.

Ya nne Reelika anaiweka bila kuniangalia.
Mwaka hamsini na mbili, Moscow.
Natafuta kwa kidole. Natafuta kwa lenzi.
Msitu. Msitu. Kinamasi. Msitu.
Nyumba kumi na saba, kanisa, kisima:
kalamu imevimeza na haikucheua.
Huo ndio mwaka askari wa mpaka walipokata mashua kwa msumeno,
wakawa kila jioni wanapiga reki mchanga wa ufuo
ili asubuhi wausome kama gazeti:
nani kapita, kaelekea wapi.
Huo ndio mwaka, mwezi wa tatu, nyumba ya pili toka kisimani,
mama yangu alipozaliwa
ndani ya rangi ya kijani.

Nampelekea nakala. Maimu, miaka sabini na mbili,
anavaa miwani, anaisukuma ya nne kando
kama bili ya mtu mwingine.
Anainamia ya babu. Ananyamaza muda mrefu.
Nangoja machozi; leso ninayo tayari.

"Mwongo huyu," anasema.
"Jiwe la Mjane liko kaskazini zaidi.
Hii aliwachorea majirani."

Kisha anaomba penseli,
na mkono wa kushoto anaukinga,
nisione.