Kijilima Kizuri

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha milima
kwenye kisiwa ambacho mtu hupanda juu
kwa kwenda kuanika nguo darini.
Nilichora Kilimanjaro kwa chaki nyeupe,
nikaifuta kwa kitambaa kabla ya kengele,
muhula uliofuata nikaichora tena, fupi kidogo,
kwa kuwa chaki ilikuwa inakwisha.

Nuru binti Famau, wa dawati la dirishani,
aliwahi kuniuliza: Mwalimu, wewe umepanda upi?
Nikamjibu: chora kontua, wacha maneno.

Sasa nimestaafu.
Kiinua mgongo kimeingia benki
na mgongo wenyewe, alhamdulillahi, bado unainuka.

Nimetandaza ramani juu ya samadari.
Pembe nne nimezikandamiza kwa kinu cha iliki,
kandili, kopo la hina la Barke,
na goti la Barke mwenyewe, lile zima.

Lesotho, nasema.
Nti gani hiyo? Ina pwani?
Haina.
Ina mayi?
Ya mito. Na pande zote imezungukwa na nchi moja,
kubwa, hutoki ila uivuke.
Barke akanyamaza. Kidole chake chenye piko
kikaufuata mpaka hadi kikarudi kilipoanzia.
Basi hicho ni kisiwa, akasema. Watu wake tutaelewana.

Lakini wapi?
Kuna Semonkong, maji yanaanguka mbali
hata yanageuka moshi kabla ya kufika.
Barke hataki kimo chenye kelele.
Kuna njia ya Sani, imejikunja kama uzi uliotatizika,
na gari hupanda mpaka juu kabisa.
Hilo nimelikataa mimi.
Sikungoja umri wote huu nikapandishwe kama gunia la mchele.
Kuna Malealea, ambako farasi wadogo hubeba wageni.
Barke akapapenda. Mimi nimekulia na punda wa Langoni,
najua mnyama akigoma ni nani atakayeubeba mzigo.

Kupanda mchongoma, alituambia Bi Zena kutoka dirisha la juu,
kisha mtoto akamwita jikoni,
methali ikabaki inaning'inia pale kwenye nondo.

Kila baada ya swala ya alfajiri tunakwenda Shela,
kwenye vilima vya mchanga.
Hatua moja mbele, nusu nyuma.
Mtanga huu watoza ushuru, asema Barke.
Buti chini ya buibui, watoto nyuma wanatuhesabia,
mia na kumi, mia na kumi na moja,
tukifika nyumbani navua na kumwaga nusu ya kisiwa ukumbini.
Blanketi la sufu tulilijaribu Februari, mchana, milango imefungwa.
Tulidumu dakika nne.

Jana usiku, goti la Barke lilipohama,
pembe ya ramani ikajikunjua, nikasoma:
Thabana Ntlenyana, mita 3,482.
Kutoka Kilimanjaro kwenda kusini hakuna kirefu kama hicho.
Na wenyewe, katika lugha yao, wamekiita
Kijilima Kizuri.

Nilicheka hadi Barke akaja na maji.
Kwani adabu hii si tunaijua?
Mtu ana nyumba ya orofa tatu, kuta za matumbawe,
zidaka kutoka sakafuni hadi borití,
naye akikualika husema: karibu kibandani.
Mlima unaojua kusema hivyo
utanistahamilia nikipumzika kila hatua kumi.

Nimemwandikia Nuru. Siku hizi ni mpima ardhi, Maralal.
Swali lako bado ninalo, nimemwambia,
nipe hadi Oktoba.

Barke anafunga papa mkavu kwenye gazeti.
Huko yuu, auliza, ndimu zitapatikana?
Nimemwambia achukue kumi.
Amechukua arubaini.