Mabano Yanayotoa Mgongo

Mwalimu Kasoki alikuwa na chaki fupi kuliko jino la mtoto.
Akaandika fonksio ya vipande vitatu:
kabla ya moja, x ongeza moja;
toka moja hadi nne, tatu toa x;
baada ya nne, mbili tu, mbili hadi ukingo wa ubao,
tambarare kama kiwanja cha ndege.

"Semeni kikomo kipo wapi. Siwaulizi thamani.
Thamani ni kufika. Kikomo ni kukaribia."

Nilianza na moja. Kiduara kitupu,
tundu la msumari kwenye bati.
Kushoto: sifuri nukta tisa, sifuri nukta tisa tisa,
mstari unapanda ukinong'ona mbili.
Kuume: moja nukta moja, moja nukta sifuri moja,
mstari unashuka ukinong'ona mbili.
Katikati hakuna mtu.

Nikamkumbuka mama akirudi toka Gisenyi, godoro kichwani,
na baba akirudi toka Sake na redio isiyo na betri,
wiki ya tatu baada ya mlima kumwaga.
Mtaa wetu wa Buhene jiwe tupu, na jiwe lilikuwa bado na hasira.
Mmoja huku, mmoja kule, hatua, nusu hatua,
mpaka kandambili zikaanza kunuka mpira.
Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na mparachichi.
Lakini vidole vyao viwili vilielekea mahali pamoja:
"Ni hapa."

Niliandika: kwenye moja, kikomo kipo.

Nne ndiyo iliyonikalisha.
Toka kushoto mstari unazama hadi hasi moja.
Toka kuume mwenzake yuko kwenye mbili, hashuki.
Wanaotoka Rutshuru wanasema baba mdogo Bwira
ana duka la chumvi, amenenepa.
Wanaotoka Kanyabayonga wanasema
sepetu waliishika wenyewe.
Bibi huweka sahani, huiondoa, huiweka.
Kadiri unavyosogea,
habari hazisogeleani.

Basi nikaandika jibu kama tunavyofundishwa huku Goma,
mabano ya nje yakiangalia nje:

]−∞, 4[ ∪ ]4, +∞[

Kwenye ukomo usio na mwisho mabano hubaki wazi,
maana hakuna aliyewahi kufika akarudi kusimulia.
Ila tazama yale mawili ya kati:
yameipa nne mgongo, huku na huku,
yanakitazama kikombe cha muungano
kama wageni wanaongoja chai.

Mwalimu akaweka alama nyekundu. Vema, Masika.

Jioni bibi akataka kujua tulisoma nini.
Nikamchorea kwenye majivu ya jikoni,
mistari, kiduara, mabano, yote.
Akanyamaza kidogo. Akagusa nne kwa kidole gumba.
"Na huyu? Mmemwacha nje?"

Nikasema ndiyo, bibi, hesabu inamwacha.

Akapangusa majivu kwenye kitenge,
akaenda kuchukua sahani.