Nane na Nane

Sakafu yangu ya kwanza ilikuwa marumaru,
ghorofa ya pili, Wadi Kabir, juu ya fundi wa mapazia.
Marumaru haisamehe goti.
Nikenda bandarini Matrah kuomba mbao za masanduku,
zimeandikwa CHAI, VIOO, USIPINDUE,
na Dadallah seremala, Mbulushi asiyecheka,
akazipiga randa siku tisa,
akauliza mara moja tu: "Ya kuswalia?"
Nikasema, ya kurukia.
Akapunguza bei. Mpaka leo sijui kwa nini.

Miaka thelathini na mmoja nimepanga miguu ya watoto wa watu,
michezo ya kuimba ya shule, ya vilabu,
na mmoja wa kampuni ya saruji, huo tuuwache.
Maneno hutunga mwengine, muziki mwengine,
mimi hupewa kilichobaki:
nafasi baina ya mlango na kiti,
na wasichana ishirini wasiojua pa kutia mikono.
Mikono ndiyo kazi.
Miguu hufundishika; mikono huona haya.

Nilihesabu kwa Kiarabu, wakachelewa.
Nikahesabu kwa Kiingereza, wakanicheka matamshi.
Siku moja, nimechoka, ulimi ukarudi kwao:
moja, mbili, tatu, nne,
tano, sita, saba, nane.
Mama alikuwa pembeni, sinia la mchele mapajani
(nyumbani peke yake aliiogopa mashine ya baridi).
Akanyanyua uso. "Rudia."
Nikarudia.
"Mizani nane, na nane. Kina cha kati *ne*, cha mwisho *ne*.
Shinuna, mchana kutwa unasoma shairi
na mwenyewe hujui."
Akarudi kwenye chuya zake.

Mwaka wa mchezo wa falaji watoto walikuwa maji.
Kila ukoo na zamu yake mferejini,
na zamu hupimwa kwa kivuli cha kijiti.
Akaja baba yake Mundhir, mtu wa Ibra,
kanzu imepigwa pasi hata inakata:
"Mwanangu hachezi ngoma."
Nikamwambia, hatacheza. Atasimama.

Nikamfanya kijiti.
Dakika kumi na moja, mikono ubavuni,
maji arubaini yakimzunguka, yakigeuka anapoishia kivuli chake.
Wiki sita nilimfunza kutofanya kitu:
pumzi ikae mbavu za chini,
uzito baina ya vidole, si kisiginoni,
jicho lisimfuate mtu.
Sijapata kufundisha kigumu kuliko hicho.

Usiku wa onyesho kanda ikakwama.
Ukumbi kimya, maji yamesita,
Glenda wa Kifilipino mguu mmoja hewani anatetemeka,
nami nyuma ya pazia, koo kavu kama unga.
Ndipo kijiti kikasema.
Kijana asiyejua Kiswahili ila hesabu yangu:
moja, mbili, tatu, nne...
Maji yakatiririka.
Tano, sita, saba,
na ile *nane* ikasemwa na wawili.
Ya pili ilitoka safu ya tatu,
sauti nzito, lafudhi ya Pemba tupu,
ya mtu aliyekuwa akinisemesha Kiarabu mwaka mzima
nami nikimjibu Kiarabu.

Hakuja kuniaga. Nilimwona akitafuta viatu vyake
hali amevivaa.
Muhula uliofuata akalipa ada ya miwili,
risiti hakuchukua.

Goti la kulia sasa ni chuma.
Mbao zimelegea upande wa dirisha,
na ukizipindua, maandishi yangalipo.
Wanafunzi saba tu Jumanne hii, mmoja anatafuna ubani.
Huzipanda ngazi nikizihesabu, mkono ukutani,
nane, napumzika, halafu saba.
Ya kumi na sita
ni sakafu.