Ndimu Ishirini na Tatu

Karatasi ya semina ya Chake ilisema:
watoto wakae kimya, waifuate pumzi.
Wangu wakauliza, kwani imekwenda wapi?
Faki akatoka mbio kuitafuta,
akarudi anahema: "Nimeiona, Mwalimu, iko nje, inakimbia."

Kesho yake nikaja na kikapu.
Ndimu ishirini na tatu za uani kwetu Konde,
nyingine na umande, moja na sisimizi wake.
Nikawalaza chali juu ya jamvi,
kila kitovu na ndimu yake.

"Vuta kwa pua, taratibu,
kama unanusa maandazi ya nyumba usiyoalikwa."
Ndimu zikapanda.
"Toa kwa mdomo, kama unapoza uji."
Ndimu zikashuka.
Mkasi alicheka, yake ikabingirika chini ya kabati.
Time alikwisha kuilamba, uso umemkunjana.
Msellem akalala fofofo,
ndimu yake ikaendelea na somo.

Shaame peke yake ameketi.
Pumzi yake haimfiki tumboni, inakaa mabegani
kama ndege aliyeona manati.
"Mwalimu, hii ikipanda lazima ishuke?"
Lazima, nikasema.
"Kwa kushuka, au kwa kuanguka?"

Nje, kando ya barabara, karafuu zimeanikwa,
harufu imeingia mpaka kwenye chaki.
Msimu huu huu baba yake alipanda asubuhi,
tawi likamrudisha chini kabla ya saa nne.
Sasa yuko ukumbini, amelazwa, kiuno hakimsikii.

Karatasi yangu haikuwa na mstari wa hapo.
Nikalala chali mwenyewe, mtu mzima na buibui langu,
nikamwambia, iweke, uiangalie wewe.
Akaiweka. Akaizuia kwa kidole kimoja, hakuiamini.
Ikapanda.
Ikashuka.
Mara ya saba akaondoa kidole.

Jioni nilihesabu ishirini na mbili, nikanyamaza.

Alkhamisi mama yake akanisimamisha dukani,
mkononi ana mafuta ya taa na nusu kilo ya sukari:
"Umemfundisha nini mtoto huyu?
Kila usiku anamfuata baba yake na ndimu,
anamwekea tumboni, anamnong'oneza,
panda, baba, shuka, polepole, shika tawi.
Maumivu hayaondoki, Mwalimu, nisikudanganye.
Lakini jana wamelala wote wawili kabla yangu."

Jumatatu Shaame akaja na ile ndimu.
Imekuwa manjano, ganda limekauka, nyepesi kama kiberiti kitupu.
Akairudisha kikapuni kwa mikono miwili,
akachagua nyingine, mbichi, akaitikisa sikioni.

Nikamuuliza, na ile?

"Ile imepanda sana," akasema. "Iache ipumzike."