Dakika Sitini

Ghala la mkonge njia ya Pongwe liliwaka usiku kucha.
Asubuhi tukaingia na buti za mpira, mimi na fundi Shekiondo,
maji yakitudondokea kutoka kwenye mabati yaliyokunjamana.
Nguzo zilikuwa zimesimama,
nyeusi, zimepasukapasuka kama mgongo wa mamba,
zimesimama.
Akakwangua moja kwa patasi:
mkaa, mkaa, mkaa, upana wa vidole viwili,
kisha mbao ya njano
inayonukia kama siku ilipochanwa.

Boriti ndizo zilizokuwa chini.
Hazikukatika. Zilichomoka.
Kila ncha matundu manne ya bolti,
na ndani ya tundu weusi umezama kuliko nje:
chuma kilikaa uchi pembeni, kikanywa moto,
kikaupeleka kimyakimya mpaka moyoni mwa mti.
“Tulimkaribisha yeye,” alisema Shekiondo, “kaja na mwenzake.”
Akatema mate.

Wahenga walisema moto huzaa jivu.
Hawakumtaja mtoto wa kati,
mkaa, anayekaa kizingitini
na kumchelewesha baba yake.

Sasa nachora maktaba ya shule, Makorora.
Msaji wa Longuza. Karatasi imeloa jasho la kiwiko.
Bamba nimelificha katikati ya boriti,
kwenye mpasuo usiopitisha hata kucha.
Pini zinaingia, zinaishia ndani,
na juu ya kila moja kigingi cha msaji uleule,
gundi, kisha randa,
mpaka kidole kisijue kilipo.
Milimita arobaini za mti pande zote
ziungue zitakavyo, nimezitoa sadaka.
Mwanya wa boriti na nguzo nimeuziba;
moto haupigi hodi.

Bwana Mbelwa, mwenye fungu la fedha, anauliza
kwa nini boriti nene hivi,
kwa nini anunue mbao za kuungua.
Namwambia: ni dakika sitini.
Namhesabia: watoto mia na ishirini, ngazi moja,
yule wa darasa la pili mwenye gongo,
na Mwanamvua mkutubi, ambaye namjua,
atarudi kuangalia chooni kama kuna aliyebaki.
Anachezea kikokotoo. Hakiwashi.

Siku ya kuzindua watasifu mapazia.
Shekiondo atapanda kiti, viatu mkononi,
apapase boriti akitafuta kigingi alichokipiga mwenyewe,
asikipate,
acheke.