Kifungu

Fedha zimefika Jumanne, ndani ya bahasha
yenye muhuri wa halmashauri.
Nyuma ya pikipiki, kwenye kiroba, tochi sita
na buti jozi nne, zote za miguu mikubwa.
Posho: elfu kumi kwa usiku
kwa kila mgambo atakayekesha
kwenye njia za panya, huku kwetu juu ya Manyovu.

Kifungu chake kina jina refu:
Ushirikishwaji wa Jamii katika Udhibiti wa Uhamiaji.
Nimelisoma mara mbili mbele ya mkutano.
Gaudensia, mkunga, akanyoosha mkono:
"Na mabati ya zahanati, Mtendaji?"
Nikamwambia mabati hayamo katika kifungu.
"Mvua nayo," akasema, "haisomi vifungu."

Usiku wa kwanza Buhohela na wenzake wamekamata saba,
majembe begani, wametoka kupalilia maharage ya watu.
Shamba mojawapo ni langu.
Hilo sikuliandika.

Kitambulisho hakuna, basi Buhohela
akatumia kipimo anachokijua.
"Salimieni."
Sisi Waha jioni tunasema mwidiwe.
Ng'ambo ya mpaka wanasema mwiriwe.
Herufi moja tu,
ulimi ukiteleza unapanda gari.

Nsavyimana kasalimia kama sisi,
kwa kuwa analima kwetu tangu ana miaka tisa.
Akaachwa.
Ntahondi, aliyezaliwa nyuma ya ofisi yangu,
ana pengo la meno ya mbele;
kwake herufi zote ni upepo.
Akapandishwa.
Amerudi siku ya nne kwa miguu kutoka Kasulu,
hasemi na mtu, hata kwa hilo pengo.

Fomu ya malipo ina safu nne:
jina, usiku, kiasi, sahihi.
Buhohela kabonyeza dole gumba,
kakunja noti, kaniuliza
kama wiki ijayo zitakuja tena.
Ana watoto watano. Sikumlaumu.
Mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino.

Mama yangu alivuka akiwa na miaka sita,
mwaka wa sabini na mbili,
ameshika kanga ya mtu asiye mama yake.
Kila jioni nikirudi hunipokea: mwiriwe, mwanangu.
Miaka thelathini na minane
sikuwahi kuisikia ile r.
Wiki hii naisikia.

Jana nimemfuata jikoni, nimechuchumaa,
nikamwambia, "Mama, sema mwidiwe."
Akacheka.
Akanitazama, akaacha kucheka.
"Mwidiwe," akasema, safi,
kama aliyezaliwa Heru na baba yake akazaliwa Heru.
"Hilo ninalo tangu wiki ya kwanza.
La kwetu nilikuwa nakutunzia wewe."

Akarudi kupepeta mchele.
Nje, uchochoroni, tochi ilipita,
ikamulika ukuta wetu, ikasita kidogo,
ikaendelea.
Betri zake bado mpya.