Siku ya Kumi na Tano

Siku ya kumi na tano tangu yai kupevuka,
Szellő amesimama kati ya nguzo za chuma,
mkia umezungushiwa bendeji
kama msuko wa mtoto wa shule.
Nje, tope la Machi limeyameza magurudumu ya trela.
Korongo bado hawajarudi juu ya dohani.

Daktari Ilka Szalontai amevua koti,
amevaa glovu inayofika begani,
na mkono wake wa kushoto umezama
pale ambapo zamani
palikuwa pa Mungu na kalenda.

Mashine imewekwa juu ya robota la nyasi.
Kioo chake hakizidi sahani ya supu.
Ndani yake kijivu, kijivu cha mvua isiyokatika,
kisha duara, jeusi tititi,
milimita ishirini.
"Moja," asema.
Bertalan avua kofia.
"Ngoja kwanza,"
na mkono wasogea upana wa kidole.
"La pili hili hapa."

Bertalan avaa kofia.

Ule mwaka wa theluji iliyofika madirishani
Zsálya alibeba miezi minane, na majirani
wakalisifia tumbo.
Usiku baba akaitisha taa, akaitisha kamba,
wakatoka wawili, wamekunjamana
kama makoti yaliyolowa kwenye msumari mmoja.
Hakuna aliyepiga chafya.
Zsálya aliwanusa hadi kukakucha.
Mji wa mimba wa farasi ni chumba cha mpangaji mmoja;
wakiingia wawili, hugombea ukuta
mpaka wote wakose pa kulala.

"Yupi?" auliza.
"Mdogo. Kama ningeona tofauti."

Bado wanatembea humo ndani, hawajashika pahali,
kesho watakuwa wamechelewa kutenganishwa.
Ilka asubiri. Dakika nne.
Szellő apumua mvuke, ahamisha uzito mguu hadi mguu.
Kisha mmoja asukumwa, pole, pole,
hadi kwenye ncha ya pembe,
na kidole gumba chambana
kama mtu anayejaribu zabibu gizani.
Kwenye kioo duara lawa yai,
yai lawa mstari,
mstari wawa kijivu kama vingine vyote.

Rozália yuko mlangoni na daftari la uzazi,
kalamu imegandishwa na baridi, aipulizia.
"Niandike nini?"
"Andika mimba moja."
"Na ile nyingine?"
Ilka achovya mkono kwenye ndoo, maji yafuka.
"Andika tarehe."

Ni miaka kumi na minane ya kazi hii.
Nyumbani kwake mezani, machungwa
huyamenya kwa mkono wa kulia,
na hakuna aliyewahi kumwuliza sababu.

"Nitarudi siku ya ishirini na nane,
tuutafute moyo. Ni nukta tu. Hukonyeza."

Gari laondoka kwa taabu, lateleza, lashika njia.
Bertalan ana tufaha mfukoni.
Siku zote hulikata katikati,
nusu ya Szellő, nusu yake.
Leo amempa zima,
akabaki na kisu wazi mkononi,
akisikiliza meno.